Buibui bila kioo

Mwaka 2015 bustani ya wanyama ya London ilifungua chumba ambamo mgeni hupita katikati ya tando za buibui, pasipo kioo. Miongoni mwao wamo wale wakubwa wa uzi wa dhahabu, ndugu wa hawa wanaotanda huku pwani kati ya mnazi na waya wa umeme. Swali la kwanza la kila mtu: hawatoki?

Hoja hiyo ina kelele kuliko nguvu. Buibui huyu haoni vizuri; dunia yake ni mtikisiko wa nyuzi. Akishiba hana sababu ya kuhama, na ukimshusha sakafuni miguu yake mirefu humfanya ajikokote tu. Mtunzaji akimrushia nzi, jike hutulia kwanza. Huvuta uzi mmoja mmoja kwa miguu ya mbele, kama mpiga udi anayejaribu nyuzi zake, ndipo hukimbia. Pembeni, dume lake, dogo kama punje ya mchele, linasubiri ashughulike na mlo. Utando wenyewe waweza kufika mita moja kwa upana. Ndani ya sanduku hubanwa, na kioo hukuonyesha sura yako mwenyewe.

Mimi nahofia watoto wa buibui. Kifuko kimoja cha mayai hutoa mamia, nao husafiri kwa kupeperushwa na upepo wakining'inia kwenye uzi. London, baridi itawamaliza. Penye joto ni kesi nyingine. Marekani wanamjua joro, jamaa yake kutoka Asia Mashariki, aliyegunduliwa Georgia katika muongo wa 2010 na sasa yuko majimbo kadhaa. Hakutoka kwenye bustani ya wanyama, inadhaniwa alikuja na shehena za meli, lakini hesabu ni ileile: mgeni akipata hali ya hewa inayomfaa, humrudishi.

Halafu kuna vidole. Mtoto mmoja mtundu anaweza kuchana kazi ya usiku mzima. Na mwenye hofu ya kweli anastahili mlango wa kando. Kumlazimisha apite ni utani mbaya.

Kwa hiyo naunga mkono kuondoa kioo, ila kwa buibui wa mahali hapohapo. Dar es Salaam au Mombasa hakuna haja ya kuagiza: fremu ya mbao, taa ya ubavuni ili nyuzi zing'are, mtu wa kuokota vifuko vya mayai kila asubuhi, na mwingine wa kuchunga vidole.