Kutresi nembo: kitufe kimoja au kalamu ya mkono?

Kila anayefanya kazi ya uchapaji imeshamkuta siku hii. Mteja anataka nembo ya shule ikatwe stika ya mlango wa basi na ishonwe kwenye sweta za wanafunzi, lakini faili ya asili haipo. Aliyeichora alishahama, kompyuta iliyokuwa nayo ilishakufa, na kilichobaki ni picha iliyopita kwenye simu tatu kabla ya kukufikia. Upana wake ni pikseli 200 na kidogo, na kingo zimejaa ukungu. Una mawili ya kufanya. Unaweza kubonyeza kitufe cha kutresi, yaani kugeuza picha kuwa mistari, programu ikafuata kingo yenyewe ndani ya sekunde chache. Au unashika kalamu ya programu na kuichora nembo upya, nodi kwa nodi, yaani nukta kwa nukta ambazo mstari unapitia, labda kwa saa mbili.

Watetezi wa kitufe husema muda ni pesa, na mteja analipia stika, halipii sanaa. Watetezi wa kalamu husema kazi ya kitufe ni chafu. Mimi nauelemea upande wa kalamu, ila sababu yangu si ile ya uzuri inayotajwa kila mara. Na zipo kazi ambazo kalamu ndiyo inayoziharibu.

Picha ya pikseli ni vigae: kila kigae kina rangi yake, na ukiivuta picha iwe kubwa unakuza vigae vyenyewe. Njia ya vekta ni maelekezo. Inasema anzia hapa, ondoka kwa kuelekea huku, fika pale ukitokea upande ule. Nodi zinaonyesha mahali pa kuanzia na kufikia. Vishikio viwili vinavyochomoza kwenye nodi vinaonyesha mwelekeo na nguvu ya mpindo. Hesabu yake ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliifikia mwaka 1959 akiwa Citroën, lakini kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliifikia kwa njia yake na kuichapisha katika miaka ya 1960, ndiyo maana mipindo hii imebeba jina lake. Walichotafuta ni namna ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari kwa ukamilifu, ili mchoraji na fundi wa karakana wasiwe kila mmoja na mpindo wake. Kuingia kwenye uchapaji kulikuja baadaye, kwa PostScript, lugha ya kuielekeza printa, mwaka 1984 na programu ya kuchorea ya Illustrator mwaka 1987.

Naikumbusha historia hii kwa sababu inabadilisha swali. Watu huilinganisha kazi ya kitufe na ya kalamu kwa kuzitazama kwenye kioo, na kwenye kioo mara nyingi hazipishani sana. Lakini mpindo wa Bézier ulizaliwa kuwa agizo kwa mashine inayochonga, na mashine ya kukatia stika iliyopo kwenye kichochoro cha Kariakoo au River Road inaupokea vivyo hivyo. Kisu hakioni nembo, kinasoma maagizo. Palipo na nodi kumi zilizosongamana kwenye ukingo uliopaswa kuwa laini, kisu kinageuka mara kumi, na stika inatoka na meno madogo ambayo fundi anayahisi kwa kidole anapobandua mabaki. Palipo na kipande cha ukungu kilichogeuzwa kuwa umbo, kisu kinakikata pia, nawe unabaki na punje za stika zisizo na kazi. Tatizo jingine ni kwamba kutresi kwa rangi nyingi kunaweza kupanga maumbo kwa tabaka, moja juu ya jingine. Kwenye karatasi iliyochapwa hulioni hilo. Kwenye stika kisu kinakata yote, hata yaliyojificha chini.

Chukua herufi O. Ukiichora kwa mkono inahitaji nodi nane: nne za nje na nne za ndani, kila moja mahali ambapo mpindo umefika mwisho wa juu, wa chini, wa kushoto au wa kulia. Wachora herufi huziweka nodi zao kwenye ncha hizo, na sababu ni ya kazi kabisa: vishikio vinakaa wima au vimelala, kwa hiyo ukitaka kuinenepesha herufi unasogeza nodi mbili ukamaliza. Ukiipitisha O hiyohiyo kwenye kitufe kutoka kwenye picha yenye ukungu, nodi zinaangukia popote ambapo pikseli zilijikunja. Umbo laweza kufanana na O, ila halirekebishiki. Vuta nodi moja, ubavu unavimba. Vuta ya pili kuufuata uvimbe, unapata bonde.

Sitaki kukionea kitufe. Potrace, injini ya kutresi iliyotolewa na Peter Selinger mwaka 2001 na inayotumika ndani ya Inkscape, programu ya kuchora vekta, ni kazi ya akili sana. Inapokea picha ya nyeusi na nyeupe, inauzungushia ukingo umbo la pembe nyingi, kisha inaamua pembe ipi ilainishwe kuwa mpindo na ipi iachwe kali. Ukiipa picha kubwa na safi, inakurudishia kitu ambacho mwanafunzi wa kalamu hatakifikia kwa mwezi mzima. Ina kipimo cha kuondoa madoadoa na kipimo cha kulainisha pembe, na wengi wanaoilaumu hawajawahi kuvigusa. Jambo moja tu hailijui: hii ni O. Haijui kwamba mistari miwili ya ngao ilikusudiwa kuwa sambamba, wala kwamba nyota zote tano ni nyota ileile iliyonakiliwa. Inaona kingo. Kalamu nayo haijui, lakini aliyeishika anajua.

Sasa geuza meza. Mtu amekuletea jina lililoandikwa kwa kalamu ya mwanzi, hati ya Kiarabu, wino ukiwa umekatika kidogo pale mkono ulipokimbia. Au saini. Au mchoro wa mkaa. Hapa mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe, na mchora kwa kalamu ya programu atailainisha bila kukusudia, kwa kuwa zana yake inapenda mipindo mirefu na mitulivu. Piga skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), igeuze iwe nyeusi na nyeupe, mwachie kitufe. Nimeona hati nzuri ikichorwa upya kwa uangalifu mkubwa mpaka ikafanana na fonti, na aliyeiandika alipoiona alikaa kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko lawama, maana kazi ilikuwa yangu.

Hoja hiyo inaifikia hata nembo ya shule, na hapa ndipo wapenda kalamu tunapojisahau. Huenda mwenge uliomo kwenye nembo hiyo ulichorwa na mwalimu wa shule miaka mingi iliyopita, na ulimi mmoja wa moto ukatoka mnene kuliko mwingine. Nikiuchora upya nitausawazisha. Nimesahihisha kosa, au nimefuta mkono wa mtu? Waliosoma pale wanautambua mwenge wao kwa ulemavu huohuo. Kitufe angalau hakina maoni. Kinabeba alichokikuta, kizuri na kibaya. Sina jibu moja la hili, nina desturi tu: herufi, duara, ngao na mistari iliyonyooka naisahihisha bila kuuliza, lakini mchoro wa kitu chenye uhai, au moto, siugusi kabla ya kumwonyesha mwenye nembo.

Kalamu mbaya nayo ipo, tena nyingi. Anayejifunza hubofya nodi kwenye kila kibonyeo anachokiona, kana kwamba anashona, na anamaliza akiwa na nodi nyingi kuliko za kitufe, zote zimepinda. Kazi hiyo ni mbaya kuliko ya mashine, na imekula saa mbili juu yake. Tiba ninayoiamini ni mazoezi ya umbo moja: korosho ya kwenye kanga. Ina tumbo la duara na ncha kali iliyojikunja, kwa hiyo inakulazimisha kutumia nodi laini na nodi ya pembe ndani ya umbo dogo. Ichore kwa nodi tano. Ikikushinda, futa na uanze tena, usiongeze ya sita. GIMP, programu ya kuhariri picha, ina kalamu hii, Inkscape inayo, zote ni bure, na jioni kadhaa za korosho humfundisha mtu kuona mpindo unapoanzia na unapoishia.

Wapo wanaosema njia ya kati inatosha: tresi kwa kitufe, kisha rahisisha. Inkscape ina amri ya kurahisisha, Ctrl na L, inayopunguza nodi. Naitumia, ila kwa woga. Ukiibonyeza mara kadhaa haraka haraka inazidi kuwa kali kila mara, na kinachoyeyuka mwanzo ni pembe: ncha za nyota zinakuwa butu, herufi M inapoteza magoti. Amri hiyo nayo haijui nodi ipi ni ya maana.

Kwa hiyo ninapoamua, naangalia kwanza nani atalishika faili baada yangu. Kama ni bango la sherehe ya siku moja litakalochapwa kwa wino, kitufe kinatosha, na kumtoza mteja saa mbili za kalamu si haki. Kama faili litakwenda kwa mkata stika, kisha kwa mshona nembo, kisha kwa kijana atakayeambiwa mwaka kesho abadilishe jina la shule kutoka sekondari kuwa sekondari ya juu, basi ninampa nodi anazoweza kuzishika. Nembo ya basi niliigawa hivyo: maandishi na ngao kwa kalamu, mwenge kwa kitufe kutoka kwenye skani ya barua ya zamani ya shule, ambayo mhasibu aliipata chini ya mafaili. Ile picha ya simu niliiacha ndani ya faili, kwenye tabaka la chini kabisa, imefifishwa na kufungwa kufuli, ili atakayekuja aone nilianzia wapi na wapi niliamua mwenyewe.