Rampu ya mita moja na nusu si rampu

Huku Marekani rampu, zile njia za mteremko za kupitisha viti mwendo, ni ndefu hadi zinakera. Mlangoni kuna ngazi tatu tu, lakini rampu inazunguka ubavu mzima wa duka. Hesabu yake haina mjadala: kila sentimita 1 ya kupanda inadai 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, kwa hiyo rampu haipungui mita 5.4. Ikipanda kupita sentimita 76, pawekwe sehemu tambarare ya mita moja na nusu ya kupumzikia. Kupita sentimita 15 tu, vyuma vya kushikilia pande zote mbili.

Kimo hichohicho sisi Bongo tunakimaliza kwa mita moja na nusu, tena juu ya marumaru inayong'aa! Mvua ikinyesha, hata mwenye miguu yake anashika ukuta. Juu, mlango unafunguka kwa nje na kumsukuma aliye kwenye kiti mwendo. Chini anasubiriwa na mtaro usio na mfuniko, au bodaboda zimepaki.

Najua: "Kashavuka maji, sasa kwao panamnukia." Hapana jamani. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tangu 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao tuliuridhia 2009. Hawa Wamarekani mpaka leo hawajauridhia. Tena wana mawakili wanaowinda kioo cha choo kilichopachikwa juu mno ili wafungue kesi, na California fidia kwa kawaida haipungui dola 4,000 kwa kosa. Wenye maduka wanalia, wengine kwa haki kabisa. Ila sheria yao ya 1990 inamruhusu aliyekwama mlangoni kwenda mahakamani mwenyewe, na mwenye jengo akishindwa anaweza kuamriwa alipe hadi wakili wa mlalamikaji. Ndiyo maana fundi wao anapima. Wa kwetu anamwaga zege, mkaguzi anaandika "rampu ipo", imekwisha.

Mtasema kiwanja kidogo. Ikunjeni, kila kona iwe tambarare mita 1.5 kwa 1.5. Mtasema gharama. Gharama inakuja pale rampu inapokumbukwa jengo likishapakwa rangi. Msingi ulioinuliwa kukwepa mafuriko mbona mliupigia hesabu mapema?

Kabla hujammalizia fundi hela yake, chukua pima maji ya sentimita 60, ilaze kufuata mteremko, inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati. Pengo likizidi sentimita 5, ni mkali mno. Igeuze kwa upana: huko pengo lisizidi sentimita 1.25, la sivyo kiti kinavutwa pembeni. Vikizidi, avunje.