Kutoka mezani kwako hadi posta ni siku ngapi?

Jumapili ya wiki mbili zilizopita, saa tano usiku, nilishinda mnada wa mtandaoni wa waya wa sauti, muuzaji yuko Ujerumani. Waya, jamani. Mita moja na nusu: upande huu plagi ya DIN ya pini tano, ile ya mviringo ya redio za zamani, upande wa pili vichwa vinne vya RCA, vile vya nyuma ya deki na TV. Dau Yuro 6, posta Yuro 9. Nililipa papo hapo, maana nikichelewa mimi, ukumbusho hauchelewi.

Leo siku ya 15. Nikiingiza namba ya mzigo, ile ya herufi mbili, tarakimu tisa na DE mwishoni, nakuta maneno yaleyale ya Jumatano ya kwanza: taarifa za mzigo zimepokelewa. Taarifa! Yaani muuzaji kachapa lebo, kaenda zake kulala.

Nikamwandikia kwa adabu zote. Akajibu kwamba mizigo ya kimataifa huchukua muda, nivumilie. Ndugu yangu, kutoka mezani kwako hadi posta ya mtaani kwenu napo kuna mpaka? Unagongewa pasi?

Mtaniambia, wewe uko Dar, ulitegemea nini? Najua niliko. Ndege, forodha, kisha sanduku la posta lenyewe, ambalo ukifika na kikaratasi chako unaweza kuambiwa mhusika katoka kidogo. Wiki tatu, nne, sinuni. Hizo ni siku za njia, na njia haina mwenyewe. Ninazodai mimi ni za muuzaji, tangu hela iingie hadi bahasha ipokelewe dirishani. Namwachia siku mbili za kazi. Tatu, kama aliniambia mapema. Waya hauvunjiki, hauivi, hausubiri kukauka rangi. Unauviringisha, unautia kwenye bahasha, unatoka. Mama ntilie akikwambia wali bado dakika kumi, unakaa unangoja, kwa sababu sufuria unaiona na moto unauona. Huyu ananingojesha wali ambao mchele wake bado uko dukani.

Haya, nakubali, wengi wao si wenye maduka. Ni mtu anamaliza kabati la marehemu mzee wake, ana kazi, ana mtoto anaumwa. Basi andika kwenye tangazo kwamba unakwenda posta Jumamosi tu. Ningeweka dau vilevile! Aliyeandika "natuma ndani ya siku moja" ni nani, mimi?

Na msiniambie niende Kariakoo. Nimekwenda. RCA kwa RCA utajaziwa gunia. Ukitaja DIN ya pini tano, vijana wanakutazama kama umeulizia taa ya chemli. Mimi nina amplifaya ya Grundig ya marehemu baba, miaka imekaa chini ya kitambaa cha kudarizi, na nyuma haina tundu jingine la kuingizia sauti.

Juzi nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mzee, Ilala. Hakuuliza kitu. Akafukua kopo la maziwa ya unga, akatoa plagi kuukuu, akakata waya wa RCA wa deki mbovu, akawasha kilehemeo. Pini ya katikati ethi, yaani ardhi, namba tatu sauti ya kushoto, namba tano ya kulia.

"Hizi mbili za kurekodia, mwanangu, unazitaka?"

"Hapana, mzee."

Shilingi 8,000, na chai niliyoagiza ilikuwa bado ya moto.

Ule wa Ujerumani bado nautaka, kwa sababu huu wa fundi unavuma kidogo upande wa kushoto. Jana usiku simu ikalia, nikadhani mzigo umesogea. Kumbe ni yeye, anaomba nimpe nyota tano. Nimemjibu kwamba nyota zake nimeshazichapia lebo.