Mpelelezi kiziwi akae na wapelelezi wenzake

Nimeletewa orodha ya vitabu vya kusoma wakati wa likizo, iliyopangwa na mtu mzima mwenye nia njema kwa ajili ya wasomaji wa umri wangu, yaani wa kati ya miaka 14 na 17. Vichwa vyake ni hivi: Upelelezi, Mapenzi, Kutisha, Safari za Anga, Majoka na Wachawi, na mwisho kabisa, chini ya ukurasa, Uanuwai, yaani vitabu vya watu wa kila namna. Chini ya kichwa hicho cha mwisho nikakuta riwaya ya upelelezi niliyoipenda kuliko zote nilizosoma mwaka huu, ambayo imetupwa huko kwa sababu moja tu: mpelelezi wake ni msichana kiziwi. Nilipouliza, kwa adabu zote, kwa nini haikuwekwa pamoja na riwaya nyingine za upelelezi, nilijibiwa kwamba imewekwa pale ili wanaoihitaji waipate kwa urahisi. Wanaoihitaji! Kana kwamba kitabu ni dawa, humezwa na mgonjwa peke yake, asubuhi na jioni baada ya chakula.

Acha nieleze kwanza kitabu chenyewe kinafanya nini, maana naamini aliyekiorodhesha hakukisoma. Katika sura moja ya katikati, msichana huyo na wenzake watatu wamejificha ghalani, na mtu wanayemfuatilia anakata umeme. Katika riwaya nyingi, giza likiingia wahusika huanza kunong'onezana, na msomaji hutega sikio pamoja nao. Hapa wenzake wananong'ona, wanapanga namna ya kutoka, na yeye hana habari, kwa kuwa haoni tena midomo yao wala mikono yao. Giza lililowaficha wao ndilo lililomtenga yeye. Anakishika kiganja cha aliye karibu naye, anaanza kuandika herufi moja moja kwa kidole, na kabla neno halijakamilika kiganja kile kinachomolewa. Sura inaishia hapo. Mwandishi hakusimama kutupa somo kuhusu uziwi, wala hakutuomba tumhurumie mtu yeyote. Aliutumia uziwi jinsi waandishi hodari wa upelelezi wanavyoutumia mlango uliofungwa kwa ndani: kama sehemu ya fumbo. Kitabu cha namna hiyo ndicho kilichoondolewa kwenye upelelezi.

Hoja yangu ni hiyo, na ningependa wanaopanga orodha, wanaochapisha na wanaotoa tuzo waisikie kutoka kwa mtu anayevisoma vitabu hivi badala ya kuendelea kusemeana wao kwa wao kwa niaba yake. Mimi husoma ili nijue nini kitatokea. Napenda mauaji katika nyumba kubwa yenye vyumba vingi, napenda vyombo vya anga vilivyopotea njia, napenda mizimu yenye kinyongo, na napenda hata yale mapenzi ya maadui wawili waliolazimika kufanya kazi pamoja, ingawa kila mtu anajua tangu ukurasa wa tatu jinsi yatakavyoisha. Lakini anapoingia mhusika mweusi katika kundi la weupe, au mtoto wa wahamiaji, au kijana anayetumia kiti cha magurudumu, hamu yangu ya kujua nini kitatokea hufa papo hapo, kwa sababu tayari najua. Atateseka, atavumilia, atamfundisha mwenzake jambo fulani, kisha ataondoka.

Wahenga walisema kufa kufaana, na sidhani kama kuna mahali msemo huo unatekelezwa kwa uaminifu zaidi kuliko katika riwaya za vijana. Rafiki mgonjwa hufa ili shujaa ajifunze kuthamini uhai. Rafiki maskini hufukuzwa shule ili shujaa atambue kwamba dunia haina haki. Rafiki mweusi husimangwa hadharani ili shujaa, ambaye mpaka ukurasa huo alikuwa hajawahi kusikia kwamba kuna ubaguzi, apate nafasi ya kusimama na kutoa hotuba. Akishaitoa hupigiwa makofi, na yule aliyesimangwa haonekani tena mpaka sherehe ya mwisho, anapotokea pembeni mwa picha akitabasamu. Mimi na binamu yangu tulikuwa na mchezo wa kubashiri, kabla ya kufika nusu ya kitabu, nani atatolewa kafara. Tumeuacha. Umekuwa rahisi mno.

Najua nitaambiwa nishukuru, kwa kuwa zamani hata hao wa kutolewa kafara hawakuwamo. Ni kweli, na takwimu zake zinauma. Mwaka 1965 Nancy Larrick aliandika katika jarida la Saturday Review la Marekani kwamba, kati ya vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji aliowachunguza katika kipindi cha miaka mitatu, ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi popote pale, iwe katika maneno au katika picha. Miaka 20 baadaye, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kilipoanza kuhesabu, kilikuta kwamba kati ya vitabu takriban 2,500 vilivyotoka Marekani mwaka 1985, vilivyoandikwa au kuchorwa na watu weusi vilikuwa 18. Uingereza walichelewa zaidi kuhesabu: ripoti ya kwanza ya CLPE, taasisi inayoshughulikia usomaji katika shule za msingi, iliyohusu vitabu vilivyotoka mwaka 2017, ilionyesha kwamba vyenye mhusika mkuu kutoka jamii za weusi, Waasia na wengine walio wachache nchini humo vilikuwa asilimia 1. Basi nimeshukuru. Sasa naomba ruhusa ya kuendelea kulalamika, kwa sababu hesabu peke yake hutuambia nani yumo bila kutuambia anafanya nini humo, na yule rafiki anayekufa ili mwenzake apate busara huhesabiwa kuwa ni mmoja, sawasawa na mpelelezi wangu aliyeshika usukani wa kitabu kizima.

Mtu aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wataalamu wengi alikuwa mtoto. Mwaka 2015 Marley Dias, msichana wa Marekani aliyekuwa bado mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, alieleza kwamba amechoka kusomeshwa habari za wavulana weupe na mbwa wao, akaanzisha kampeni ya kukusanya vitabu 1,000 ambavyo mhusika mkuu ni msichana mweusi, na akavuka idadi hiyo. Ninachokipenda katika lalamiko lake ni kwamba hakusema ameumizwa. Alisema amechoka. Wavulana wale hawakumkosea kitu, na mbwa wao bila shaka walikuwa wapole. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshawasoma. Hilo ni lalamiko la msomaji, mtu anayeudhika kwa sababu kitabu hakimletei jipya, na nashangaa kwamba wakubwa wakilisikia hulichukulia mara moja kuwa ni ombi la kufarijiwa.

Kuna makala fupi ya mwaka 1990 ya Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani wa fasihi ya watoto, ambayo kila anayezungumzia vitabu vya vijana huinukuu: kwamba vitabu ni madirisha ya kutazamia maisha ya wengine, na ni vioo vya kujitazamia wenyewe. Wanaonukuu karibu wote huishia hapo, lakini yeye hakuishia hapo. Alisema madirisha hayo ni milango ya vioo pia, ile ya kusukuma pembeni, na kwamba msomaji hupita humo kwa fikra zake akawa sehemu ya ulimwengu uliobuniwa na mwandishi. Aliongeza kwamba hata watoto wa jamii zenye nguvu hupata hasara wakipewa vioo peke yake, kwa sababu hukua wakijiona wakubwa kuliko walivyo. Nimejiuliza sana kwa nini mlango ndio unaosahauliwa, na jibu langu ni kwamba kioo na dirisha vinamfaa mtu anayetaka kufundisha: anaweza kukusimamisha mbele yake, akakuwekea mkono begani na kukuonyesha la kutazama. Mlangoni hawezi, kwa sababu ukishapita uko peke yako, unakimbizwa na mwuaji ghalani, na umesahau kabisa kwamba ulikusudiwa kujifunza uvumilivu. Msomaji asikiaye vizuri, aliyeliogopa giza lile kwa namna ambayo hajawahi kuliogopa giza lolote, amekwenda mbali kuliko yule aliyesomewa hotuba kumi kuhusu haki za viziwi; na vitabu vya namna hiyo havitamfikia kamwe ikiwa vimefichwa chini ya kichwa kinachomwambia kwamba havimhusu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba vitabu vya uchungu lazima viwepo. Riwaya ya kwanza ya Angie Thomas, iliyotoka mwaka 2017, inahusu msichana aliyeshuhudia rafiki yake akipigwa risasi na polisi, na niliisoma huku nikilia bila aibu. Ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vya vijana vinavyouzwa zaidi, ikawanyamazisha waliokuwa wakisema kwamba vitabu vya aina hiyo havina wanunuzi. Lakini hebu waisome tena wale wanaoitumia kama kielelezo. Msichana yule anapenda viatu vya michezo mpaka anavitunza kwa makini, anashabikia kipindi cha vichekesho cha televisheni, anagombana na rafiki zake na ana mchumba anayemkera. Msiba unatuumiza kwa sababu umeangukia maisha yaliyojaa vitu vingine. Walioiga wamechukua msiba na kuviacha viatu.

Kuhusu majalada sitasema mengi, kwa kuwa hasira yangu ni kubwa kuliko nafasi niliyo nayo. Mwaka 2009 riwaya ya Justine Larbalestier, ambayo msimulizi wake ni msichana mweusi mwenye nywele fupi, ilitayarishiwa jalada la Marekani lenye uso wa msichana mweupe mwenye nywele ndefu zilizonyooka. Mwandishi mwenyewe alilalamika, wasomaji wakapiga kelele, jalada likabadilishwa. Bado nashindwa kuelewa ni kikao cha namna gani, chenye watu wanaojua kusoma, kilichoidhinisha lile la kwanza. Na wale wanaoamini joka lenye vichwa saba lakini wanaona haiaminiki msichana mweusi kuwa malkia wa nchi yenye joka hilo, sina la kuwajibu.

Suala la nani ana haki ya kumwandika nani nalo halinikoseshi usingizi kama linavyowakosesha wengine. Mwaka 2015 mwandishi wa Uholanzi Corinne Duyvis alianzisha alama ya #OwnVoices ili wasomaji wapendekezeane vitabu ambavyo mwandishi anatoka katika jamii ya mhusika wake, na kama pendekezo lilikuwa jambo jema. Kisha likageuka kuwa namna ya kuwahoji waandishi, baadhi yao wakajikuta wakisukumwa kutangaza mambo yao ya faragha, na mwaka 2021 We Need Diverse Books, shirika la Marekani linalotetea uanuwai katika vitabu vya watoto na vijana, likatangaza kuacha kuitumia. Mimi kwa kawaida humwamini zaidi aliyeyaishi anayoyaandika, na ningependa mikataba iwafikie watu hao kwanza, kwa kuwa wamesubiri nje muda mrefu. Cheti cha kuzaliwa cha mwandishi, hata hivyo, sihitaji kukiona.

Kuna jibu moja ambalo wakubwa hulitoa kwa tabasamu wanapoona wameishiwa maneno: kama huvioni vitabu unavyovitaka, andika wewe. Wao hudhani wanatutia moyo. Mwandishi wa Marekani S. E. Hinton alianza kuandika riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 15, kwa kuwa hakuona vitabu vilivyozungumza ukweli kuhusu vijana, ikatoka mwaka 1967, na shukrani aliyoipata ni kushauriwa na mchapishaji atumie herufi za mwanzo za majina yake, wahakiki wasije wakaidharau kwa kujua kwamba mwandishi ni msichana. Kwa hiyo hata aliyeandika mwenyewe alilazimika kujificha. Isitoshe, kuna vijana wenye vipaji ambao huenda wataandika, na kuna wengine, mimi nikiwamo, ambao kipaji chao ni kusoma hadi saa nane za usiku, na sioni kwa nini msomaji apewe kazi ya mwandishi kila anapoomba kitabu kizuri, ilhali msomaji anayefanana na mashujaa wote waliokwisha kuandikwa hakuna anayemwagiza jambo hilo.

Nikiulizwa basi nataka nini, nataka mengi. Nataka msichana anayeswali ambaye swala ni sehemu ya siku yake tu, na hakuna sura inayomtaka achague kati ya dini na furaha. Nataka mvulana mnene apendwe bila kupungua hata kilo moja kabla ya ukurasa wa mwisho. Nataka mtoto wa wahamiaji ambaye wazazi wake wana utani, si huzuni peke yake. Nataka familia zisizo na fedha ambamo ukosefu wa fedha unaathiri hatua anazochukua mpelelezi, kwa mfano kwamba hana nauli ya kumfuata mtuhumiwa, badala ya kuwa pazia la kututoa machozi nyuma yake. Na zaidi ya hayo yote nataka wabaya, kwa sababu mhusika anayelazimika kuwa mwema kwenye kila ukurasa kwa niaba ya jamii yake yote bado hajaachiwa awe mtu. Nitungieni mwizi wa almasi anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye akili kuliko polisi wote wa mji, mwongo, mcheshi, asiye na majuto hata chembe, na tafadhali asikamatwe mpaka kitabu cha tatu.