Mafuta ndani ya bega: kisu kwanza, au kano kwanza?

Mtu akishaambiwa ana uvimbe ndani ya kiungo cha bega, yanayofuata hayasikii tena, hata daktari akiongeza kwamba ni mafuta matupu. Anachotaka ni utolewe, tena upesi. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu lipoma aboresensi yanapoharibika kabla hayajaanza, kwa sababu hiki si uvimbe kama tunavyouelewa wengi. Ni chembe za mafuta zilizokomaa, za kawaida kabisa, zilizojaa chini ya utando wa ndani ya kiungo, ule unaotoa ute. Utando unanyanyuka na kuchipua vitawi, na jina lake la Kilatini linasema hivyohivyo: wenye kufanana na mti. Makao yake hasa ni goti. Begani ni nadra. Wala si saratani.

Wanaotaka upasuaji hawakosi hoja. Utando ukiondolewa, iwe kwa kufungua kiungo au kwa kupitisha kamera kwenye matundu madogo, wagonjwa wengi hupata nafuu na ni wachache wanaorudiwa. Kiungo kinachojaa maji mara kwa mara nacho si cha kuachwa hivihivi. Na kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine wowote kwenye kiungo hicho, nakubaliana nao bila shida.

Lakini uzoefu huo mwingi umetoka gotini, na bega si goti.

Begani, ripoti kadhaa za wagonjwa zinaeleza vitawi hivi pamoja na kuchanika kwa zile kano nne zinazokishika kichwa cha mfupa wa mkono kisichezecheze. Nimelirudia jambo hili mara nyingi, kwa kuwa linageuza swali lote. Mafuta haya mara nyingi hayaji yenyewe. Ni jibu la utando uliosumbuliwa kwa muda mrefu, ama na baridi yabisi, ama na kusagika kwa gegedu, ama na jeraha la zamani. Sasa mgonjwa anashindwa kuinua mkono kufikia rafu ya juu, usiku hawezi kulalia upande ule. Nani anamuuma? Mafuta laini, au kano iliyokatika? Ukifyeka vitawi ukaiacha kano, umemwondolea kilichoonekana vizuri kwenye picha, na kinachomkosesha usingizi umemwachia.

Wengine husema ni lazima kutoa ili kujua ni nini. Hofu hiyo ina msingi, maana yapo magonjwa mengine ya utando yanayofanana na huu kwa juujuu. Ila picha ya MRI hapa husema waziwazi kuliko kawaida. Katika picha ya kwanza vitawi vinang'aa sawa na mafuta ya chini ya ngozi. Mashine ikiagizwa kuzima mafuta, vinazimika pamoja nayo, huku maji yanayovizunguka yakibaki yakimeremeta. Ugonjwa wa utando unaovuja damu haufanyi hivyo; chuma kilichobaki kutokana na damu huacha madoa meusi katika picha zote mbili. Hata kwa ultrasaundi, mkono ukisogezwa taratibu, unaviona vikipepea kwenye maji kama mwani. Sampuli ichukuliwe pale picha zinapogongana, si kwa mazoea.

Kwa hiyo mimi ningeanza na kano, nikafuata baridi yabisi kama ipo, ndipo nifike kwenye mafuta. Mara nyingine safari itaishia chumba kilekile cha upasuaji, kano ishonwe na utando uondolewe siku moja, na hilo ni jema. Asiye na maumivu, ambaye bega limemvimba kidogo tu na mkono unakwenda kila upande, anaweza kufuatiliwa kwa picha na kuendelea na kazi zake.