Shaba Ina Mnunuzi, Kioo Hakina

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, na zaidi katika stoo za shule, hoteli na ofisi za umma, bado zimerundikwa TV za chogo ambazo wenyewe hawajui wazifanye nini. Wengi tulidhani zingekufa tarehe 31 Desemba 2012, siku matangazo ya analojia yalipozimwa jijini, kumbe king'amuzi kilizipa uhai mpya, na kilichozitoa sebuleni baadaye ni kushuka kwa bei ya TV bapa. Sasa zinatoka, na mara nyingi anayezipokea ni mnunuzi wa vyuma chakavu apitaye mtaani na mzani wake.

Sina ugomvi na mnunuzi huyo, kwa maana anafanya kazi halali ambayo manispaa zetu zimeshindwa kuifanya. Ila tazama anachokitafuta ndani ya TV ya chogo: koili ya shaba iliyozungushiwa shingo ya kioo, nyaya, na bodi yenye vipuri vya kuuza kwa mafundi. Akishavichukua hivyo, kioo kinabaki, na kioo hakina mnunuzi. Kwa bahati mbaya ndimo ilimo sumu kubwa. Watengenezaji walichanganya madini ya risasi kwenye kioo hicho ili kuzuia mionzi ya eksirei isimfikie mtazamaji, na TV moja inaweza kubeba zaidi ya kilo moja ya risasi. Kioo kikiwa kizima, hakimdhuru mtu aliyeketi mbele yake; kikivunjwavunjwa na kutupwa dampo, majimaji yenye asidi yanayotoka kwenye taka zinazooza huanza kuichomoa risasi ile kidogo kidogo na kuipeleka ardhini. Upande wa ndani wa kioo umepakwa unga ambao, katika TV za zamani, una hata kadimiamu, metali yenye sumu, na unga huo hupeperuka pale pale kinapopasuliwa. Nyaya nazo zikichomwa ili shaba ipatikane haraka, plastiki yake hutoa moshi wenye kemikali za sumu ziitwazo dayoksini. TV bapa za mwanzo zina shida ya aina nyingine, kwani taa nyembamba zinazoangaza nyuma ya skrini zina zebaki. Zile za LED hazina.

Haiwezekani kusema kwamba sheria hazipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitungwa kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, ambazo chini yake mkusanyaji na msafirishaji wa taka hizo hutakiwa kuwa na kibali, huku Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likisimamia. Kimataifa, tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi na nchi, unataka taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, zisivuke mpaka kabla nchi inayozipokea haijaridhia. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni fedha ya kukishughulikia kioo. Zamani kioo cha TV kuukuu kiliyeyushwa na kutengenezewa TV nyingine ya chogo. Soko hilo limekufa pamoja na TV zenyewe, na sasa anayekipokea kwa njia salama anaingia gharama.

Tusidhani kwamba hilo ni tatizo la nchi maskini peke yake. Huko Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kampuni iliyoahidi kukichakata kioo cha namna hiyo iliondoka mwaka 2016 na kuacha maghala yenye makumi ya maelfu ya tani. California ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 2005 anayenunua TV mpya hulipa ada ndogo dukani, na ada hiyo ndiyo inayowalipa wakusanyaji na wachakataji wa skrini zilizokufa. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka, imemtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Sisi tunaoagiza karibu kila TV kutoka nje tuna lango jepesi kuliko wote, nalo ni bandari: ada ikatwe pale, kutoka kwa mwagizaji, na wakusanyaji walipwe kutokana nayo kwa uzito wa kioo walichokifikisha kwa mchakataji mwenye kibali.

Jambo moja lingeweza kuanza kesho bila ada yoyote. Taasisi zetu zina mazoea ya kufuta vifaa chakavu kwa mnada, skrini zikiuzwa kwa mafungu kwa yeyote anayetaja bei ya juu. Bei hiyo ni ya shaba. Tunapokea shilingi chache, kisha tunaandika kwenye leja kwamba mali imeondolewa, ilhali kioo kimehamia korongoni. Skrini zisiingizwe mnadani kabisa.

Kwa mwenye TV moja nyumbani, ushauri wangu ni huu: usiifungue, maana kioo kile hakina hewa ndani na huweza kupasuka kwa kishindo, na mle huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya. Iweke mahali pakavu, kisha uliza ofisi ya NEMC ya kanda yako ni nani wenye kibali. Yule atakayekuja, kabla hujamkabidhi, muulize kioo kinakwenda wapi; mpe anayekutajia kiwanda na nchi kilipo.