Senti 10 za Missouri na Mfuko Mtupu wa Iowa

Nchini Marekani, watu makini wanaipinga kodi ya mauzo inayotengwa na katiba ya jimbo kwa ajili ya hifadhi ya ardhi na maji pekee, na hoja zao si za kupuuzwa. Kupanga bajeti, wanasema, ni kazi ya bunge la jimbo. Kila jambo jema likijengewa fungu lake ndani ya katiba, siku mapato yanaposhuka wabunge watalazimika kukata fedha za shule na za matibabu huku fungu la hifadhi likibaki bila kuguswa. Wanaongeza, na hapa wana haki kabisa, kwamba kodi ya mauzo humwelemea zaidi maskini, ambaye hutumia karibu kila anachokipata.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba hifadhi ikiachiwa bajeti ya kawaida itafikiwa na zamu yake. Mmomonyoko haupigi kelele. Mvua moja huchora vijifereji vyembamba kama kidole katikati ya mistari ya mahindi, trekta hupita na kuvifuta, na shamba huonekana zima msimu baada ya msimu, mpaka rutuba iishe na mto wa bonde la chini uwe na rangi ya tope. Hasara ya namna hiyo haishindani na dharura za mwaka wa fedha.

Iowa inaonyesha jinsi nia njema isivyotosha. Mwaka 2010 takriban asilimia 63 ya wapigakura waliridhia mfuko wa maliasili uingizwe katika katiba, ujazwe kwa sehemu tatu kati ya nane za asilimia 1 ya kodi ya mauzo, lakini pale tu bunge litakapoipandisha kodi hiyo. Kwa zaidi ya muongo mmoja bunge halikuipandisha, na mfuko ukabaki mtupu. Katika kipindi hichohicho, mwaka 2015, mamlaka ya maji ya Des Moines, mji mkuu wa Iowa, ilizishtaki wilaya za mifereji ya mashamba katika kaunti tatu za juu ya mto kwa sababu ya naitreti, kemikali itokayo mashambani, ambayo mamlaka hiyo hulazimika kuiondoa kabla maji hayajafika bombani. Kesi ikatupwa mwaka 2017. Wananchi walikuwa wamekwisha kusema wanataka nini. Kilichokosekana ni njia ya kauli yao kufika hazinani.

Missouri ilichukua njia nyingine. Mwaka 1984 wapigakura waliidhinisha kodi ya sehemu moja ya kumi ya asilimia 1, yaani senti 10 katika manunuzi ya dola 100, nusu kwa hifadhi za burudani za jimbo na nusu kwa udongo na maji. Ilipita kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya kura. Iliporudishwa kwa wapigakura mwaka 2006 ilipata takriban asilimia 70, na mwaka 2016 takriban asilimia 80. Takwimu hizi zinastahili kutazamwa kwa muda, kwa sababu ni nadra kodi kupendwa zaidi kadiri inavyolipwa. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kodi hii ina ukomo, hivyo wanaoitumia hulazimika kurudi kwa walipaji na kuwaonyesha kilichofanyika: makinga maji yaliyofuata miinuko ya shamba, njia za maji zilizopandwa nyasi, kazi ambayo mkulima huchangiwa gharama yake kupitia bodi ya wilaya ya udongo na maji iliyopo katika kila moja ya kaunti 114. Ya pili ni ule mgawanyo wa nusu kwa nusu. Mkazi wa St. Louis asiyewahi kukanyaga shamba lenye matuta huingia katika hifadhi ya jimbo bila kiingilio, na kura yake inamfikia pia mkulima.

Kwa hiyo ile hoja ya madaraka ya bunge hupungua sana uzito pale kodi inapokuwa na tarehe ya mwisho, kwani mpigakura, mwenye kauli ya juu kuliko bunge, ndiye anayeulizwa upya. Hoja ya mzigo wa maskini inabaki palepale, na senti 10 inaipunguza tu. Minnesota, ambayo mwaka 2008 ilipitisha kodi ya sehemu tatu kati ya nane za asilimia 1 hadi mwaka 2034, inatoza mzigo mkubwa zaidi na kugawa fedha zake kwa maji safi, makazi ya wanyamapori, hifadhi za burudani na sanaa, na imejipa robo karne kabla ya kuulizwa tena. Huo ni muda mrefu mno kwa mpigakura kukumbuka alichokiridhia.